Acheni Kununua Jeki kwa Tani!

Wasomaji wangu, mmezoea kunisoma hapa nikilalamika kuhusu programu mbovu, seva zinazolala usingizi na simu zinazouzwa kwa wingi wa megapikseli. Leo nalalamika kuhusu jeki. Ndiyo, jeki, ile ya kuinulia gari. Vumilieni kidogo, maana ugonjwa ni ule ule: mtu anauziwa namba moja kubwa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya boksi, na namba zenye maana hakuna anayezitaja.

Naishi Karen. Ukisimama Jumapili asubuhi pale madukani, Ngong Road inapokutana na Lang'ata Road, utaona ninachosema. Magari ya chini yanapita kama kumbikumbi baada ya mvua. Toyota 86, Subaru BRZ, Mazda Roadster (lile ambalo kwingineko huitwa MX-5), na kwa wenye mifuko mirefu, Porsche. Sheria yetu ya kuingiza magari yaliyotumika hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia, kwa hiyo mengi yanatoka Japani. Kuna ambayo mwenye wa kwanza kule alishayashusha kwa springi fupi kabla hata hayajapanda meli. Yanafika hapa, yanapita matuta yetu kwa kuomba Mungu, na jioni yanalala kwenye kiwanja chenye cabro safi na bougainvillea ukutani.

Sawa. Sina ugomvi na gari la chini. Ugomvi wangu unaanza siku gari hilo linapohitaji kuinuliwa.

Mwenye gari anaenda dukani, anauliza jeki. Muuzaji anamuuliza swali moja tu: "Ya tani ngapi, boss?" Boss anajibu "tatu", kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili. Analipa, anaondoka amefurahi. Anafika nyumbani, anaisukuma chini ya bampa, na jeki inagonga bampa. Haingii. Tani zote tatu ziko pale nje zinaangalia gari kwa mbali!

Sasa tuulizane. Toyota 86 lina uzito wa takriban kilo 1,250. Hata ukiinua upande wote wa mbele kwa mara moja, unainua nusu ya uzito huo na kidogo juu yake. Tuseme kilo 700. Jeki ya tani 2 inabeba karibu mara tatu ya mzigo huo. Ile tani ya tatu umeilipia ili ikufanyie nini hasa?

Jeki ya haidroli ni kanuni ya Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17. Unasukuma pistoni ndogo, oili inapeleka shinikizo lile lile kwenye pistoni kubwa. Ikiwa ndogo ina kipenyo cha milimita 10 na kubwa milimita 40, eneo la kubwa ni mara 16, kwa hiyo nguvu nayo ni mara 16. Ongeza na mpini mrefu unaokusaidia kusukuma, na mtu wa kawaida anainua gari. Jeki nzuri huwa na vali ya ndani inayokataa mzigo ukizidi kikomo. Tani iliyoandikwa kwenye boksi ni hicho kikomo. Haikwambii kama jeki itaingia chini ya gari, kama itafika mahali pa kuinulia, wala kama itatulia ikishafika. Ni sawa na kununua kompyuta kwa gigahezi peke yake halafu ushangae kwa nini haina pa kuchomeka waya wa skrini.

Namba unazotakiwa kuuliza

Hizi hapa. Ziandike kwenye karatasi, nenda nazo Kirinyaga Road au Industrial Area, na usikubali kutolewa kwenye mstari.

1. Kimo cha chini. Huu ni urefu kutoka ardhini hadi kwenye kisahani cha juu, pale gari linapokalia, jeki ikiwa imeshushwa kabisa. Jeki nyingi za kawaida za magurudumu zina milimita 130 hadi 145. Zile zilizotengenezwa kwa magari ya chini zina karibu milimita 75 hadi 100. Toyota 86 likitoka kiwandani lina nafasi ya takriban milimita 130 kutoka ardhini. Lishushe kwa springi fupi kwa milimita 30, unabaki na 100. Hesabu ya darasa la tatu inakwambia jeki gani haitaingia.

Tena ngoja, kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Siku ya pancha gari liko chini zaidi! Tairi la 215/45 R17 lina ubavu wa milimita 97 hivi. Likiisha upepo, kona ile inashuka sentimita kadhaa. Yaani siku unayoihitaji jeki kuliko siku zote ndiyo siku isiyoingia. Roadster la siku hizi halibebi hata tairi la spea. Kwa hiyo usipime gari likiwa limesimama vizuri ukafurahi. Acha nafasi ya siku mbaya. Sisi waandika programu tunaita hiyo kujaribu mfumo ukiwa umeelemewa, na asiyefanya hivyo anapigiwa simu saa nane usiku.

2. Kimo cha juu. Watu wanafurahia jeki ya chini wakasahau kuuliza inapanda hadi wapi. Stendi nyingi, ukiziweka fupi kabisa, huanzia karibu milimita 270 hadi 300. Jeki isiyopandisha gari kupita hapo haiwezi kukupa nafasi ya kuweka stendi. Na kazi bila stendi nitaisema baadaye, kwa ukali.

3. Urefu wa kufika. Hii ndiyo namba inayosahauliwa kuliko zote. Magari mengi ya aina hii yana mahali pa kuinulia pa katikati, kwenye boriti ya chuma iliyolala chini ya injini, mbali nyuma ya bampa. Kwa nini uhangaike kufika huko badala ya kuinulia pembeni, kwenye ukingo wa chuma ulio chini ya mlango? Kwa sababu stendi nayo inataka kukaa pale pembeni! Ukiweka jeki pale, stendi utaiweka wapi? Ukiinua katikati, pande zote mbili zinapanda pamoja na sehemu za pembeni zinabaki wazi kwa stendi mbili. Kitabu cha gari kinaonyesha sehemu hizo. Kisome. Usibahatishe, maana sampu ya oili iko jirani na haisamehe.

4. Kimo cha mgongo. Wauzaji wanatangaza milimita 75 za kisahani, lakini nyuma ya kisahani kuna mgongo wa jeki, na pale pampu ilipo ni juu zaidi. Kisahani kinapita chini ya bampa, mgongo unakwama. Na hata ukipita, mpini unahitaji nafasi ya kupanda na kushuka bila kupiga bampa. Nenda dukani na futi yako ya chuma. Pima mwenyewe. Muuzaji akikasirika, ni dalili nzuri ya kutoka kwenye duka hilo.

Duka moja mjini, ambalo sitalitaja, lilinijibu nilipouliza kimo cha chini: "Jeki ni jeki, bwana." Nilitoka. Mtu anayeuza kitu kitakachoshikilia kilo mia saba juu ya kifua cha binadamu, na hajui vipimo vyake, anauza chuma cha uzito tu.

Sasa tuzungumze kuhusu cabro

Hili ni la Karen hasa, na nimeona watu wenye digrii mbili wakilipuuza.

Mkono wa jeki hauendi juu wima kama lifti. Unazunguka kwenye ekseli yake, kwa hiyo kisahani kinachora upinde. Chukua mkono wa milimita 500 unaoanza ukiwa umelala sambamba na ardhi. Ukiinua kwa milimita 300, una pembetatu ile ya shule: tatu, nne, tano. Kisahani kilikuwa umbali wa milimita 500 kutoka kwenye ekseli, sasa kiko umbali wa milimita 400. Kimerudi nyuma sentimita 10.

Sentimita 10 hizo lazima zitoke mahali. Ama jeki nzima inateleza mbele kwa magurudumu yake, ambavyo ndivyo ilivyobuniwa, ama kisahani kinateleza chini ya gari. Hakuna njia ya tatu.

Kwenye sakafu ya simiti iliyosawazishwa, magurudumu yanazunguka na hutaona kitu. Kwenye cabro, vile vigurudumu vidogo vya chuma vinaingia kwenye maungio kati ya tofali na tofali na kukwama. Kwenye murram au kokoto vinazama. Kwenye udongo wetu mwekundu baada ya mvua za Aprili, usiniulize. Jeki imekwama, gari linapanda, kisahani kinaanza kuteleza taratibu, na hakuna anayekiona kwa sababu kila mtu anaangalia mpini.

Ndiyo maana nasema swali la "tani ngapi" ni swali la kipumbavu. Jeki ya tani 3 iliyokwama kwenye cabro itaangusha gari lako sawasawa na ya tani 2.

Dawa ni rahisi na haigharimu mengi. Tafuta kipande kinene cha mbao laminishi, kipana na kirefu kuliko jeki, au bamba la chuma, ukilaze juu ya cabro na jeki isimame juu yake ikiwa na nafasi ya kusonga. Kumbuka mbao hiyo inainua jeki pia, kwa hiyo inakula milimita zako za kimo cha chini. Basi panda na gari nalo: chukua vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 8, vichonge ncha ziwe mteremko, na uendeshe magurudumu ya mbele juu yake kabla ya kuinua. Umepata karibu sentimita 5 bila kununua chochote cha kigeni. Fundi seremala yeyote wa Ngong Road atakukatia ukisubiri. Kisha zuia magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, weka gia. Kiwanja chako kina mteremko? Hapo siyo mahali pa kuinulia gari, mwisho wa mazungumzo.

Jeki ni RAM

Sasa nafika penye kiini, na hapa sitanii.

Jeki inainua. Haishikilii. Kinachozuia gari lisishuke ni oili kidogo nyuma ya sili ya mpira na vali ndogo. Mpira unazeeka. Chembe ya mchanga inaingia kwenye vali. Mtu anapita na kugusa mpini. Kwa wale wanaonisoma kwa ajili ya kompyuta: jeki ni RAM. Ni nzuri sana mpaka stima ipotee. Stendi ndiyo diski. Hakuna mwandika programu mwenye akili anayeacha kazi ya wiki nzima kwenye RAM akaenda kulala, na tukijua Kenya stima inavyopotea. Lakini mtu huyo huyo anaacha binadamu alale chini ya gari lililoshikwa na oili.

Na binadamu huyo ni nani? Tuseme ukweli. Karen, mwenye gari mara chache ndiye anayelala chini. Anayelala chini ni fundi. Anaitwa kwa simu Jumamosi, anakuja na bodaboda kutoka Kibera, Dagoretti au Rongai, begi la spana mgongoni na jeki yake ya chupa ndani ya gunia. Jeki hiyo ya chupa imeinua pickup na matatu kwa miaka mingi na haina kosa lolote. Kosa ni kwamba ni ndefu mno kwa gari lako. Kwa hiyo fundi anafanya anachoweza: anaanza na jeki ya mkasi kutoka kwenye buti, anapachika jiwe, anapachika tofali, anainua tena, anapachika kipande cha mbao. Mwenye gari amesimama kivulini na kikombe cha chai, anasema, "Angalia usinikwaruzie bampa."

Bampa! Gari limekaa juu ya tofali la kujengea, ambalo likipata mzigo kwenye pembe moja linapasuka bila kutoa onyo, na wasiwasi wako ni rangi ya bampa?

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

*"Fundi ni mtaalamu, atajua mwenyewe."* Anajua sana. Anajua pia kwamba akikataa kazi, utampigia mwingine ambaye hatakataa. Utaalamu wa fundi hauongezi milimita chini ya gari lako. Gari ni la kwako, uamuzi wa kulishusha ulikuwa wa kwako au wa uliyemlipa. Kifaa cha kuliinua kwa usalama ni sehemu ya gari hilo, kama ufunguo. Usimtwishe mtu wa kipato cha siku gharama ya mapenzi yako.

*"Mimi huwa nampeleka gereji yenye lifti."* Vizuri sana, endelea. Lakini mikono ya lifti nayo lazima iingie chini ya gari lako, kwa hiyo uliza kwanza. Na siku ya pancha hapo Southern Bypass, lifti itakuja na bodaboda?

*"Basi nitanunua ile ya alumini ya mashindano."* Nunua ukitaka. Alumini ni nyepesi, na wepesi unasaidia mtu anayebeba jeki kwenye buti kila wiki. Kama jeki yako itaishi gereji na kusukumwa mita tano, chuma kinakutosha, na pesa uliyookoa nunua stendi nne nzuri. Kuna watu hapa wana jeki ya kung'aa kama kombe na hawana stendi hata moja. Hao ni sawa na kampuni yenye tovuti ya kupendeza isiyokuwa na bakapu.

*"Stendi nazo zinavunjika."* Kweli, na nafurahi umelitaja. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe stendi za tani 3 na tani 6 za chapa ya Pittsburgh, kwa sababu meno ya kushikilia mzigo yangeweza kuachia. Miezi michache baadaye, baadhi ya stendi walizopewa kama mbadala nazo zikaitwa zirudi, safari hii kwa kasoro ya kuchomelea. Hiyo ni Marekani, ambako kuna daftari la kumwita mteja kwa jina. Hapa kwetu, stendi ikiwa na kasoro, nani atakupigia simu? Kwa hiyo jikague mwenyewe. Mimi napendelea stendi ya pini, ile yenye matundu na chuma kinachopita katikati, kwa sababu unaona kwa macho kilichoshika mzigo. Angalia mishono ya kuchomelea. Tafuta stika ya kiwango cha bidhaa zinazoingizwa nchini. Kisha gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa mkono kabla mtu hajaingia chini. Likicheza, lishushe uanze upya. Jeki iache pale pale ikigusa kidogo, kama mlinzi wa pili, na ukivua gurudumu lilaze chini ya ukingo wa gari, kama mlinzi wa tatu.

Kwa hiyo ununue nini?

Kwa gari la chini la kiwango cha 86, BRZ au Roadster, ninachopendekeza ni hiki: jeki ya chuma ya magurudumu, tani 2, kimo cha chini kisichozidi milimita 85, kimo cha juu kisichopungua milimita 400, yenye mwili mrefu wa kufika kwenye boriti ya kati, na kisahani chenye mpira ili kisitafune chuma. Kama utainulia pembeni, pata kipande cha mpira chenye mfereji katikati, ule ukingo wa chuma uingie kwenye mfereji usikunjike. Stendi mbili kwa uchache, nne ikiwezekana. Mbao laminishi moja, mbao mbili za kupandia, vizuizi viwili vya magurudumu.

Kabla ya kumkabidhi mtu, ijaribu. Inua gari, pima kwa futi kutoka ardhini hadi kwenye ukingo, nenda kanywe chai, rudi baada ya nusu saa upime tena, bila mtu yeyote kuingia chini. Imeshuka? Irudishe dukani. Jeki inayoshuka polepole ni bagi inayojulikana, na bagi inayojulikana haipelekwi kwa mtumiaji.

Kila mwaka Ngong Racecourse, kilomita chache kutoka hapa, magari yanapangwa kwenye majani kwa ajili ya Concours d'Elegance, na watu wazima wanapiga magoti kukagua vumbi kwenye rimu. Napenda siku ile. Lakini ningependa kuona siku moja mtu akipiga magoti vile vile nyumbani kwake, na futi mkononi, akipima nafasi iliyo chini ya gari lake kabla ya kumwambia mwenzake aingie.

Ukishindwa kununua vitu hivi kwa gari uliloagiza kutoka Japani, basi usimwite fundi nyumbani. Lipandishe kwenye lori la kuvutia magari, lipeleke penye lifti. Ni ghali, najua. Ghali kwako.